Mtoto wa Nyumba ya Jenereta

Dada yangu Dolphine anatengeneza pete ndogo kuliko kitu chochote unachokijua. Hata yeye mwenyewe hajawahi kuziona kwa macho. Ukimwomba akuonyeshe, atakuinulia chupa yenye kitu kama maji safi na kusema, "Ziko humu, nyingi kuliko watu wote wa dunia."

Majirani wetu pale Kitengela wanajua tu kwamba anasomea udaktari chuo kikuu. Mama mmoja wa ploti yetu aliwahi kumletea mtoto mwenye homa. Dolphine akamgusa mtoto paji la uso, akasema, "Mpeleke hospitali, mama. Mimi nitakuwa daktari wa chupa."

Mimi najua zaidi kidogo kwa sababu tunaishi pamoja. Yeye anaenda chuoni na mimi nabaki nikifuma kofia na sweta za watoto ambazo mama mmoja wa sokoni huniuzia. Jioni, nikichambua mboga ya sukuma, ananieleza kazi yake ya siku hiyo. Anasema akinieleza mimi, yeye mwenyewe anaielewa vizuri zaidi.

Maji ya visima vingi vya huku, kuanzia Kitengela kushuka Kajiado mpaka Bisil na mbele, yana floraidi. Huwezi kuiona wala kuisikia ulimini. Mtoto akiyanywa maji hayo tangu utotoni, meno yake yanaota na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki unayatoa. Dolphine aliota meno yake Bungoma kabla hatujahamia huku, na ni meupe kama mahindi machanga. Mimi nililetwa Kitengela nikiwa bado nanyonya. Nimezoea kucheka nikiwa nimeweka kiganja mdomoni, na watu ambao siwajui huwa siwasemeshi sana.

Pete za Dolphine ni za kukamata hiyo floraidi.

"Unaziunga na nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Siziungi. Hapo ndipo utamu ulipo. Natengeneza vipande tu. Kila kipande kiko na mikono miwili iliyopinda, hivi." Akachukua vijiko vitatu na kuvilaza mezani. "Nikiviweka pamoja kwa maji, vinatafutana vyenyewe na kushikana."

"Kama watu wa chama?"

"Kama watu wa chama, lakini hawa hawagombani. Floraidi ikiwa hapo katikati, vinaizunguka na kufunga duara. Isipokuwepo, vinashikana ovyo tu, mnyororo mrefu usio na kazi."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake kwa miaka yote hiyo, kwamba vipande vile hufunga duara. Halafu jioni moja alirudi kutoka chuoni akaketi kitandani bila kuvua viatu. Nilimwekea chai, ikapoa.

"Wakubwa wa chuo wameniuliza swali moja tu, Mel," alisema mwishowe. "Umejuaje ni pete? Umejuaje si mnyororo?"

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia vipimo vyote vinaonyesha pete. Wakasema vipimo vyote vinaweza kuonyesha mnyororo pia. Wanataka fuwele."

Fuwele, alinieleza, ni kama punje ya chumvi. Ndani yake molekuli zote zimesimama kwa mistari, kila moja mahali pake. Ukiipiga punje hiyo kwa eksirei ya aina fulani, unapata picha ya umbo lenyewe, na hakuna mtu anayeweza kubishana na picha hiyo. Mashine iko Afrika Kusini. Profesa Kamene, mwalimu wake, alikuwa anasafiri kwenda huko mwisho wa mwezi na angeibeba fuwele hiyo. Fuwele ikikosekana, Dolphine angeambiwa aache pete zake na atafute kazi nyingine ya kuandikia shahada.

Shida ni kwamba fuwele haipendi kusumbuliwa. Unaweka chupa ndogo ndani ya chupa kubwa. Kimiminika cha chupa kubwa kinapanda polepole kama mvuke na kuingia kwa ile ndogo, na humo ndani molekuli zinaanza kujipanga. Zikitikiswa, au joto likipanda na kushuka, zinaanguka kama unga. Kule maabara friji inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nyumbani kwetu ni malori ya saruji mchana kutwa, na wachomeaji mageti upande wa pili wa ukuta. Kila alipofungua chupa alipata unga. Mwishowe vipande vilivyobaki vilitosha chupa tatu tu.

Ndipo alipomkumbuka Kuntai. Kuntai ni mtunzaji wa kisima kimoja mbele ya Bisil, na kwake ndiko Dolphine alikokuwa akichota maji ya kupima. Kisima hicho sasa kinaendeshwa kwa sola, na nyumba ya jenereta ya zamani imebaki tupu. Imejengwa kwa mawe manene, nusu yake iko chini ya ardhi, na ndani kuna baridi ya kudumu. Tangi na birika la ng'ombe vilihamishiwa chini ya mteremko, mbali.

"Nani atakaa nazo?" Kuntai aliuliza tulipofika na sanduku letu.

Dolphine alikuwa na wanafunzi wa kufundisha. Akaniangalia.

"Huyu," alisema. "Kwetu hakuna mtu mtulivu kumshinda."

Tulizika chupa tatu hadi shingoni kwenye sanduku la mchanga, katika chumba cha ndani. Mimi niliwekewa godoro chumba cha nje. Masharti yalikuwa machache. Mlango wa ndani usifunguliwe ovyo. Mtu asikanyage kwa nguvu. Na moto usiwashwe kabisa, kwa sababu mvuke wa zile chupa unashika moto haraka kuliko mafuta ya taa. Kuntai angeniletea maziwa na chakula kutoka kwake. Dolphine akanikumbatia na kuondoka.

Kukaa kimya kwangu si kazi. Nilitundika leso ya kujifunga mlangoni kuzuia jua, nikaketi kizingitini na kufuma kofia ndogo za watoto. Wanawake waliokuja kuchota maji walipita wakicheka kwa sauti. Nilichoweza kufanya ni kuweka kidole mdomoni na kuonyesha ndani, kisha kurudi nyuma ya leso kabla hawajaniuliza kitu. Walishusha sauti, wakatazamana na kuendelea na safari yao. Nikadhani wamenielewa.

Na kweli walielewa, kwa njia yao. Fikiria mwenyewe. Msichana mgeni amefichwa kwa nyumba ya mawe. Hatoki. Analetewa maziwa. Anafuma kofia isiyoweza kuingia kichwa kikubwa kuliko chungwa, na kila ukipita anakunyamazisha kama kuna mtu amelala. Kuntai naye hakueleza nyumbani kwake kitu chochote zaidi ya kusema, "Hayo ni mambo ya wageni."

Basi asubuhi moja, Kuntai akiwa ameenda mnadani Bisil na mbuzi, nilisikia wimbo unapanda mteremko.

Nilichungulia. Walikuwa wanawake wengi, shanga zao zikiruka mabegani, wanaimba na kuitikiana na kukanyaga ardhi kwa pamoja. Mbele yao alikuwa mama yake Kuntai, Koko Noonkishu, koko ikiwa ni nyanya kwa Kimaasai, amebeba kibuyu cha maziwa. Nyuma yake mmoja alikuwa na kuni kichwani, na mwingine na sufuria ya chai. Walikuwa wanakuja kumwona mzazi na mtoto, kama inavyotakiwa. Wangeingia, wangewasha moto, wangepika chai, na wangeimba mpaka jua lipinde.

Mchanga uliokuwa kizingitini ulianza kuruka kidogo kidogo kwa vishindo vya miguu yao.

Nilitoka nje nikasimama katikati ya mlango. Kofia bado ilikuwa mkononi, na sindano zake zimening'inia.

"Takwenya," Koko alinisalimu.

"Iko," nikaitikia kwa Kimaa, lugha yao.

"Mtoto ni msichana ama ni kijana?"

"Koko, tafadhali, msiimbe."

"Nimeuliza, ni msichana ama ni kijana?"

"Hakuna mtoto, Koko."

Wimbo ukakatika. Mwanamke wa kuni akacheka. "Anaficha! Hiyo kofia ni ya nani? Ya mbuzi?"

"Ni ya kuuza."

"Na kila siku unatunyamazisha, umelaza nani humo ndani?"

"Chupa," nikasema.

"Chupa!" Akageukia wenzake. "Mmesikia? Tumepanda huu mlima na kuni kichwani, tumekuja kusalimia chupa."

Wengine walicheka, lakini mmoja hakucheka. "Chupa za nini?" aliuliza. "Kesho tutasikia maji yetu yametiwa dawa." Kicheko kikaisha hapo hapo. Nikaona nyuso zinabadilika, na mwenye kuni akashika njia ya kupita kando yangu.

Kama ingekuwa ni shauri langu peke yangu, ningeingia ndani na kufunga mlango. Lakini nilimkumbuka Dolphine kitandani na viatu miguuni. Nikanyoosha mkono na kushika mwimo wa mlango.

"Usiingie na kuni, mama. Nitawaeleza."

Sauti yangu ilitoka ndogo, kwa hivyo ikabidi wote wanyamaze ili waisikie. Hilo lilinisaidia. Safari hii sikuinua kiganja mdomoni, nikafunua meno yangu wayaone.

"Haya ni maji ya Kitengela," nilisema. "Na nyinyi mko na yenu."

Msichana wa rika langu aliyekuwa amebeba sufuria alinitazama sana. Kisha naye akafunua meno yake. Yalikuwa kama yangu.

Nikawaambia yote, kama Dolphine alivyoniambia nikichambua sukuma. Kwamba kuna kitu ndani ya maji kisichoonekana. Kwamba dada yangu anatafuta namna ya kukizungushia pete. Kwamba wakubwa wake wanasema huenda hiyo si pete, na ndani ya zile chupa ndimo jibu linajitengeneza, na jibu hilo linaogopa vishindo kuliko mtoto mchanga. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Nilipomaliza, mkono bado ulikuwa umeshika mwimo.

Koko alifikiri. "Nitaingia mimi peke yangu," alisema. "Nione kama unasema ukweli."

"Uvue viatu, Koko. Na usipumue karibu."

"Koko asipumue!" wakacheka huko nje. "Leo umepata mkubwa wako!"

Akavua akala zake. Tukaingia. Alipozoea giza aliinama juu ya sanduku la mchanga kwa muda mrefu.

"Sioni kitu."

"Hata mimi sioni. Hata dada yangu haoni."

"Sasa mnajuaje iko?"

"Ndiyo maana tunangoja."

Halafu akauliza swali linalofanana na langu la siku ya vijiko, kwamba ni nani anavipanga vile vipande. Nikamwambia hakuna. Kila kimoja kiko na mikono iliyopinda, kwa hivyo kinashika jirani yake kwa pembe ile ile, na jirani anashika mwingine, mpaka wa mwisho anakuta mkono wa wa kwanza unamngoja.

"Ni enkang," Koko akasema.

"Boma?"

"Boma. Mwanamke akiolewa akaletwa, hakuna mtu anamchorea duara. Anajua nyumba yake ni upande gani wa lango, anajenga karibu na mwenzake. Wakimaliza wote, boma limejizungusha lenyewe na ng'ombe wako katikati."

"Na hii floraidi ndiyo ng'ombe."

"Ng'ombe mkorofi," akasema. "Lakini hata mkorofi hulala ndani."

Alinyooka, na nikaona anakusanya mate mdomoni. Nilijua maana yake. Wazee wa Kimaasai hubariki kitu kichanga kwa mate, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Zile chupa zilikuwa zimefunikwa kwa karatasi tu, tena iliyotobolewa matundu. Kumkataza mzee asibariki ni kumtukana. Kumwacha ni kuua kazi ya dada yangu.

Nikaingia kati yake na sanduku, nikainamisha kichwa kama mtoto anavyosalimia.

"Koko, hizo bado hazijazaliwa. Nibariki mimi. Mimi ndiye mlezi."

Kisha nikasikia ubaridi mwepesi juu ya paji langu, halafu kwenye viganja, na mkono wake mkavu juu ya kichwa changu. Alisema maneno ya Kimaa, na katika hayo nililishika moja tu, Enkai, yaani Mungu.

Alipotoka nje aliwaambia wenzake, "Hajadanganya. Kuna kitu, na bado hakijafika." Wakapika chai yao chini kabisa karibu na tangi, na msichana wa sufuria akaniletea kikombe akitembea kwa ncha za vidole. "Wimbo tumeurudisha nyumbani," alininong'oneza. "Koko amesema utatuambia siku."

Tangu hapo sikuwa na haja ya kumnyamazisha mtu. Wao wenyewe ndio walikuwa walinzi. Ng'ombe walipitishwa njia ya mbali. Kuntai aliporudi kutoka Bisil na mbuzi waliokosa wanunuzi, nilisikia mwanamke akimgombeza kwa mnong'ono, "Pitia kule! Mtoto amelala!"

"Mtoto gani?"

"Kelele zako hizo!"

Akaja mlangoni akinyata, jitu zima na fimbo yake, akachungulia kando ya leso. "Melvin," alininong'oneza, "umezaa?"

Nilicheka mpaka nikaangusha sindano.

Dolphine alikuja siku chache kabla ya safari ya profesa. Hakunisalimia vizuri. Alipiga magoti mbele ya sanduku na kuchomoa chupa ya kwanza, akaimulika kwa tochi ya simu. Unga. Ya pili ilikuwa na utando uliopasuka kama ardhi ya kiangazi. Akachomoa ya tatu.

Chini, kando ya kioo, palikuwa na punje chache zenye pembe kali. Mwanga ulipozigusa ziling'aa kama soda ya Magadi inavyong'aa jua likiipiga.

"Usiseme kitu," Dolphine alisema.

"Sijasema."

"Najua. Wewe endelea hivyo hivyo." Na machozi yakamshuka hadi kidevuni, wala hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika chupa.

Picha ilifika tukiwa nyumbani Kitengela, malori yakinguruma nje. Simu ililia, Dolphine akaona ni Profesa Kamene, akanipa simu na kugeukia ukuta.

"Niangalilie," alisema. "Mimi siwezi."

Nikafungua. Hapakuwa na maneno, ila picha tu. Vipande vitatu vilivyopinda vilikuwa vimeshikana mikono, na cha mwisho kimekishika cha kwanza. Katikati palikuwa na nukta moja, peke yake, imezungukwa pande zote.

"Ni pete," nikasema.

"Si mnyororo? Angalia vizuri, Mel."

"Ni pete, Dolphine. Imefunga. Na ng'ombe yuko ndani."

Alipiga kelele ambayo ilimtoa mama wa ploti nje na mwiko mkononi.

Wakubwa wake hawakuuliza tena swali lile. Baadaye aliitwa Kajiado mjini kuwaeleza watu wa maji, na nilikuwepo, nimeketi nyuma karibu na mlango. Hakuanza na vijiko wala na majina ya kemia. Alichora enkang ubaoni, nyumba zake na lango lake, na ukumbi wote ukaegemea mbele. "Mfano huu nimepewa na Koko Noonkishu," alisema, "na aliyenitunzia fuwele ni mdogo wangu, yule pale." Watu wakageuka kuniangalia. Nilitazama chini, lakini nilikuwa nimeketi wima.

Kutoka huko tulienda kwa Koko. Alikuwa na wanawake wenzake karibu na tangi, na Dolphine akampa picha iliyochapwa kubwa. Koko aliishika mbali na macho, akaifuata kwa kidole kuzunguka duara lote.

"Lango liko wapi?" aliuliza.

"Liko, Koko," Dolphine akajibu. "Nikitia kitu kichachu kidogo, pete inafunguka, floraidi inatoka. Nikikiondoa, vipande vinarudi kushikana. Lakini nisiwadanganye. Bado si chujio. Leo maji yenu ni yale yale ya jana."

"Mtoto hazaliwi leo akachunga leo," Koko alisema. Kisha akampita Dolphine na profesa wake na watu wa maji waliokuwa wamefuatana nasi, akaja mpaka mbele yangu.

"Mlezi," akasema. "Sasa tunaweza kuimba?"

Kila mtu alikuwa ananitazama. Msichana wa sufuria alikuwa amekwisha kuvuta pumzi.

"Imbeni," nikasema, na safari hii hakuna aliyehitaji kunyamaza ili anisikie.

"Na mimi?" Kuntai akauliza kutoka nyuma. "Naruhusiwa kukanyaga?"

Walipanda nao wimbo ule ule hadi kwenye nyumba ya jenereta, wakikanyaga kwa pamoja mpaka vumbi likatoka kwenye mawe. Dolphine alikuwa katikati yao, shanga za mtu mwingine shingoni, hajui hatua hata moja. Nilimcheka kwa sauti. Nilikuwa napiga makofi, kwa hivyo sikuwa na kiganja cha kuweka mdomoni.